Gauni jekundu moja, madaftari kumi na moja

Nilikuwa nimefika daftari la sita niliposimamisha kalamu. Ilikuwa Januari ya 2019, shule imefunguliwa siku tatu tu zilizopita, na mimi nimekaa barazani kwangu na rundo la insha za darasa la tano. Kichwa nilikitoa mwenyewe: "Nilivyosherehekea Krismasi." Ndicho nilichopewa na mwalimu wangu nikiwa mtoto, na naamini yeye pia alipewa na wake.

Daftari la pili lilikuwa na gauni jekundu lenye utepe mweupe kiunoni na ua begani. La nne lilikuwa nalo pia. La sita tena: gauni jekundu, utepe mweupe, ua. Nikayapekua yote kabla ya kusahihisha. Wasichana kumi na mmoja walikuwa wameandika kwamba baba, mama, mjomba au shangazi aliwanunulia gauni jekundu lenye utepe mweupe kiunoni na ua begani.

Nikasema, hawa wametazamiana. Nilikasirika kwanza, kwa kuwa siku ile nilizunguka kati ya madawati kwa dakika arobaini nzima. Lakini sentensi hazikufanana. Mmoja alieleza jinsi utepe ulivyokuwa ukipepea alipokimbia. Mwingine aliogopa kukaa chini kanisani lisije likachafuka. Wa tatu alimwazima mdogo wake alivae jioni. Hakuna aliyenakili, ila wote walikuwa wameliona gauni lile lile.

Mimi pia nililiona. Lilining'inia nje ya duka la nguo karibu na kijiwe cha bodaboda tangu mwisho wa Novemba, na kila mtoto aendaye kisimani au mashineni alipita chini yake. Bei yake ilikuwa shilingi 18,000. Kesho yake nilipita pale nikiwa nakwenda shule, na gauni lilikuwa bado linaning'inia, limeanza kupauka upande wa jua. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amelivaa.

Katika rundo lile lile kulikuwa na daftari la mvulana mmoja aliyekuwa akikaa dawati la nyuma. Insha ilitakiwa isipungue maneno mia moja. Yeye aliandika mistari mitatu. "Siku ya Krismasi bibi alisema tulale. Tulilala mpaka jua lilipopungua. Jioni mvua ilikatika kumbikumbi wakatoka tukakamata tukala walikuwa watamu sana."

Nilimpa alama tano kati ya ishirini. Chini nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Fupi mno. Jitahidi."

Naandika makala hii kwa sababu ya alama ile. Yale magauni niliyapa kumi na nne, kumi na tano, moja hata kumi na saba. Katika rundo zima, aliyeandika ukweli bila kuuvika kitu ndiye niliyemwadhibu, na sikugundua nilichofanya mpaka Jumamosi nilipokwenda kwao.

Nafundisha shule ya msingi ya serikali katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma. Nyumbani kwa mvulana yule ni mwendo wa nusu saa kutoka shuleni, tembe la udongo lenye mlango mmoja na kihenge pembeni. Nilimkuta bibi yake anapepeta kitu ambacho kilikuwa pumba zaidi ya nafaka.

"Mbukwenyi, bibi."

"Mbukwa, mwalimu. Karibu. Kuna kosa amefanya?"

Wazazi na walezi wa watoto wale huanza hivyo. Mwalimu akifika nyumbani, basi kuna kosa. Nikamwambia hakuna kosa, nimekuja kumsalimia. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda. Mama wa mtoto alikuwa amekwenda Kiteto kulima kibarua tangu wiki ya kwanza ya Desemba, hajarudi. Baba hakuulizwa, na bibi hakumtaja. Nikauliza taratibu, Krismasi mliilaje, bibi? Akacheka kidogo.

"Niliwaambia walale, mwanangu. Jua la mwezi ule unalijua. Mtoto mwenye tumbo tupu akicheza juani anaanguka. Akilala, siku inapita."

Alilieleza kama mtu anavyoeleza namna ya kuhifadhi mbegu. Ulikuwa ujuzi, na ujuzi huo aliupata kwa kulea watoto wake, kisha wajukuu. Kihenge kilikuwa wazi kwa juu. Sikuchungulia, lakini kuku alikuwa amelala ndani yake.

Kwa msomaji asiyeijua Dodoma, inafaa nieleze kwa nini Krismasi yetu inaangukia mahali pabaya katika mwaka. Huku kwetu kuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Desemba na kwisha Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata milimita 550 hadi 600 hivi, tena kwa kudra. Tunavuna kati ya Mei na Julai. Chakula kilichoingia kihengeni Juni ndicho kinachotakiwa kifike Mei inayofuata. Kwa kaya yenye ekari mbili za mtama au uwele, mwaka ulio mzuri kinafika Februari. Mwaka usio mzuri kinakwisha Novemba. Ndiyo maana neno kuhemea halijafa huku: mtu anafunga safari na gunia tupu kwenda kutafuta nafaka kwa ndugu, kwa fedha au kwa jasho.

Kisha mvua inakuja, na ndiyo inayobana zaidi. Mvua ya kwanza inataka mikono shambani. Mama asiye na chakula ndani hawezi kulima shamba lake akashinda na njaa, kwa hiyo anakwenda kulima la mwenye chakula, alipwe kisado cha mahindi jioni. Lake linasubiri. Anapanda wiki tatu nyuma ya wenzake, na katika nchi yenye mvua fupi kama yetu wiki tatu ni mavuno. Njaa ya Desemba hii inakuwa imekwisha kuandaa ya Desemba ijayo. Nimeona kaya zikizunguka humo miaka kumi, watu wakiamka alfajiri kila siku, kisha nikasikia mtu aliyeshiba akisema watu wa hapa ni wavivu. Maneno hayo siku hizi siyavumilii, hata yakitoka kwa ninayemheshimu.

Ni katikati ya hayo shule inapofungwa.

Likizo ndefu inaanza mwanzoni mwa Desemba, na tunafungua wiki ya pili ya Januari. Wiki tano. Kwa mwalimu ni mapumziko, kwa mtoto wa mwenye duka ni safari ya Dodoma mjini au Dar es Salaam. Kwa yule wa dawati la nyuma, ni wiki tano bila sufuria la shule. Sufuria lile ni chombo cha kawaida tu, limepondeka upande mmoja, linachukua uji wa watoto mia na ushee. Ila kuna watoto ambao kikombe kile cha saa nne asubuhi ndicho chakula pekee wanachokuwa na uhakika nacho tangu jua linapochomoza. Tunawajua kwa jinsi wanavyokunywa. Mtoto aliyekula nyumbani anaupuliza uji ndipo anywe. Asiyekula haupulizi.

Uji huo hautoki mbinguni. Zamani, miaka ya 2000, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa likileta chakula katika shule nyingi za mikoa yenye ukame, yetu ikiwemo. Mpango ule ulikoma. Michango ya lazima nayo ilifutwa kuanzia Januari 2016 chini ya mpango wa elimu bila ada, na serikali hutoa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, sehemu ikibaki kwa ajili ya vitabu na sehemu ikija shuleni. Sina maneno ya kutosha kueleza elimu bila ada ilivyojaza madarasa yetu, na sitaki mtu anisome kana kwamba nalalamikia jambo lile. Nilikuwepo. Niliona watoto wa miaka kumi na mmoja wakiandikishwa darasa la kwanza wakiwa na aibu na furaha kwa pamoja. Lakini sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa vilibaki kwa mzazi, na waraka uliofuata 2016 uliliweka hilo wazi.

Kwa hiyo baada ya mavuno kila kaya inaleta mtama au mahindi, kiasi kinachokubaliwa kwenye mkutano. Wapo wasioleta. Hapo ndipo vikao vyetu vya kamati hurefuka mpaka giza. Mzazi aliyeleta debe lake anauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini mtoto wa asiyeleta anywe sawa na wa kwangu, wakati mimi pia sina? Nimewahi kumwona baba mmoja akiuliza hivyo huku amevaa shati lililoshonwa kwa uzi wa gunia. Huwezi kumwita mchoyo. Mwaka mmoja tulikubali orodha. Majina ya walioleta yakabandikwa mlangoni mwa jiko, na wasiokuwemo wakasimama pembeni saa nne. Ilidumu siku mbili. Siku ya tatu mpishi wetu, mama mtu mzima asiyepokea mshahara zaidi ya sehemu ya uji wenyewe, aliibandua ile karatasi akaiwashia moto jikoni. Hakusema neno. Hakuna aliyebandika nyingine.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya Watanzania wanaishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na asilimia 8 chini ya ule wa chakula. Niliposoma takwimu hizo nilizipeleka darasani kichwani mwangu. Nilikuwa na watoto themanini. Asilimia nane ni sita na ushee. Nikaanza kuwataja kimya kimya, mmoja mmoja, kwa majina na madawati. Nilipofika kumi nikaacha.

Hayo ya mvua na mavuno siyawezi. Yapo tuliyokuwa tukiyafanya wenyewe, kwa mikono yetu, kila Desemba, na ndiyo yanayoniuma.

Siku ya kufunga shule tulikuwa na sherehe. Mchango shilingi 2,000 kwa mtoto, wali na soda, na ruhusa ya kuja na nguo za nyumbani. Tuliona ni furaha. Idadi ya wasiohudhuria siku ile ilikuwa kubwa kuliko siku yoyote ya mwaka, nasi tukasema watoto wamechoka, wameshaanza likizo. Nilipokuja kuangalia daftari la mahudhurio kwa miaka mitatu, nikakuta ni wale wale. Sare ndiyo nguo yao nzima, ile isiyo na tundu. Ukimwambia mtoto njoo na nguo za nyumbani, unamwambia njoo wenzako waone.

Nilipaswa kulijua hilo kabla ya wote. Nimekulia Kongwa, na Krismasi mbili za utoto wangu nilikwenda kanisani na sare ya shule. Shati jeupe, sketi ya bluu. Mama aliifua usiku wa mkesha, akainyoosha kwa pasi ya mkaa ya kuazima, akaniambia, "Nyeupe ni nyeupe, mwanangu, Mungu hasomi nembo." Nilitembea nikiwa nimefunika nembo kwa kitabu cha nyimbo, mkono mmoja kifuani njia nzima. Watu wakadhani ni unyenyekevu. Baada ya ibada watoto walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba, kwa baba wadogo na mashangazi, "shikamoo, naomba sikukuu yangu," wapewe sarafu au andazi. Mimi sikupita. Ungepitaje na sare? Wangedhani umetumwa na mwalimu. Kisha nikakua, nikaenda chuo, nikapata chaki na mshahara, na katika muda huo wote nikawa nimesahau kabisa mkono ule kifuani. Nilisahau kiasi cha kusimama mbele ya watoto themanini na kuandika ubaoni, "Nilivyosherehekea Krismasi."

Misaada nayo inakuja Desemba. Kuna desturi nzuri nchini, ya viongozi, makanisa, kampuni na watu binafsi, kupeleka mchele, mafuta, sabuni na mbuzi kwenye vituo vya kulea watoto kila sikukuu ya Krismasi na ya Idi. Watoto wale wanastahili, na sisemi wapunguziwe hata kilo. Ila mtoto wa bibi niliyemweleza hana kituo. Ana bibi, ana tembe, ana mama aliyeko Kiteto. Kwenye karatasi huyo ana familia. Gari la mchele halijui njia ya kwao. Ruzuku ya kaya maskini kutoka TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, inawafikia baadhi yao, na nimeona kwa macho yangu sare na madaftari yakinunuliwa siku ya malipo. Inasaidia kwelikweli. Lakini malipo hayafuati tarehe ya njaa.

Gari moja lilitufikia, miaka kadhaa iliyopita, siku chache kabla ya kufunga. Walikuwa watu wema, siwataji. Walileta biskuti, pipi na madaftari. Kabla ya kugawa wakataka picha, na aliyeshika kamera akaomba wale wasio na viatu wasogee mbele. Alisema kwa upole, bila nia mbaya. Msichana mmoja wa darasa la tatu alikuwa amevaa kandambili zilizofungwa kwa waya. Nikamwona anarudi nyuma ya mti, anazivua, anazificha chini ya majani, anakuja kusimama mbele. Akacheka vizuri kwenye picha. Gari lilipoondoka akarudi kuzitafuta, akakuta moja. Tulizunguka naye mti ule mpaka jioni, na ile ya pili hatukuiona.

Nilikwenda na hayo yote kwenye kikao cha kamati ya shule mwaka ule ule wa 2019. Sikuwa na mpango mkubwa. Niliomba mambo matatu: sherehe ya kufunga iwe na sare kwa wote na bila mchango, shamba la shule lilimwe mtama ambao hautauzwa, na sufuria lisifungiwe stoo Desemba. Mawili ya kwanza yalipita haraka. La tatu lilileta ubishi. Mwalimu wa zamu wa likizo atalipwa na nani? Mtoto akiungua wakati shule imefungwa, nani atajibu? Tusije tukaonekana tunafundisha masomo ya ziada wakati watoto wanatakiwa wapumzike. Yote ni maswali ya haki. Mtendaji wa kijiji akasema barua iandikwe, mwenyekiti akasema jiko likae chini ya serikali ya kijiji siku hizo, kusiwe na kipindi wala ubao. Yule mama mpishi akasema atapika, kwani akikaa nyumbani atapika nini?

Tulipanda macia, mtama mweupe unaokomaa mapema, ekari moja na nusu nyuma ya nyumba za walimu. Ndege walikula sehemu yao. Watoto wa darasa la sita walikaa zamu ya kuwafukuza kwa manati na makopo, na sehemu iliyobaki ikatufikisha Desemba. Sukari hatukuiweza, kwa hiyo uji tuliukoleza kwa unga wa ubuyu, kama bibi zetu walivyofanya. Una uchachu mzuri. Watoto waliupenda kuliko wa sukari, au walisema hivyo kwa kuwa walijua sukari haipo. Mtoto wa kimaskini ana adabu inayomzidi umri, nami sijaizoea mpaka leo.

Mwaka wa kwanza mtama uliisha tarehe 20 Desemba. Siku tano kabla. Asubuhi ya tarehe 21 nilikwenda shuleni kuwaeleza, nikawakuta wameshafika, kila mmoja na kikombe chake na kijiti cha kuni, wameviweka vijiti pamoja penye jiko kama walivyozoea. Niliwaambia umekwisha. Hakuna aliyelalamika. Mmoja akauliza kama waache kuni au wazirudishe nyumbani. Sijawahi kujibu swali gumu kuliko lile. Nikasema waache.

Mwaka uliofuata tulipanda ekari mbili, na wazazi wawili wenye ng'ombe wakatulimia kwa plau bila malipo. Mmoja wao ni yule baba wa shati la uzi wa gunia.

Insha nayo niliibadilisha. Januari ya 2020 niliandika ubaoni: "Mvua ya kwanza." Nilikaa wiki nzima nikitafuta kichwa ambacho hakimdai mtoto kitu alichonunuliwa. Mvua haina mwenye duka wala mwenye tembe. Ikinyesha, imenyesha. Yule mvulana, sasa darasa la sita, alikuwa akinitazama kwa mashaka, kama anayengoja kuambiwa idadi ya maneno. Sikuitaja.

Aliandika ukurasa mmoja na nusu, na karibu wote ulikuwa juu ya kumbikumbi. Kwamba hutoka mvua ikikatika na hewa ikiwa imetulia, siyo ikiwa bado inanyesha. Kwamba kila kichuguu kina saa yake, na anayekijua hakosi. Kwamba unaweka beseni lenye maji kidogo chini ya mwanga, na kama hakuna taa unawasha nyasi. Kwamba mabawa yanapepetwa kama mpunga, na mdogo wake hula na mabawa yake kwa sababu hana subira. Kwamba bibi huwakaanga bila mafuta, maana wana yao. Kulikuwa na makosa kumi na manne ya tahajia. Sijawahi kufurahi kusahihisha hivyo. Nilimpa kumi na tisa, na ile moja niliyombakizia nilijuta kesho yake.

Baada ya hapo nilimwomba aniletee daftari la mwaka uliopita. Nilitaka kulikata lile tano na ile "Jitahidi" kwa mkono wangu, mbele yake. Akasema halipo, bibi aliliwashia moto mwezi wa Februari, kurasa zilikuwa zimekwisha.

Alimaliza darasa la saba 2021. Mdogo wake, mla mabawa, sasa yuko darasani kwangu.

Shule imefungwa wiki iliyopita. Stoo kuna debe nne za mtama, kilo 72 hivi. Waliojiandikisha kwa uji wa likizo ni tisini, tunatumia kilo nne na nusu kwa siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, na tarehe 25 tunapika baada ya ibada. Nimepiga hesabu mara tatu nyuma ya daftari la zamu. Zinatufikisha Jumatatu ya tarehe 29. Kutoka hapo mpaka kufungua ni wiki mbili, na za wiki hizo mbili sijapata. Leo jioni naenda kwa mwenyekiti kumuuliza kama yule mwenye mashine ya kusaga anaweza kutukopesha debe mbili mpaka Juni.